Usiniulize Kama Nipo Bongo, Niulize Naanza Lini

Mimi natafuta kazi Tanzania na bado naishi Ujerumani. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mtu wa majuu anatafuta kazi nyumbani wanajua kuna kitu kimemharibikia, kafukuzwa, au kibali kimeisha, au ndoa imevunjika. Hapana. Kazi ninayo, ni ya umeme wa reli, naipenda, na nataka kuifanya kazi hiihii kwetu, kwa sababu toka 2024 treni ya SGR, ile reli yetu ya kisasa, inakwenda Dar mpaka Dodoma kwa umeme na zile nyaya zinazopita juu ya reli zitahitaji watu wa kuzikagua na kuzirekebisha miaka yote, mjenzi akishaondoka zinabaki mikononi mwetu.

Kinachonikwamisha sio ujuzi wala vyeti. Ni swali moja tu. Unatuma CV, mtu wa HR anakupigia WhatsApp, mnaongea vizuri, anafurahi kabisa, halafu anauliza, kwa sasa upo wapi? Ukimwambia Ujerumani sauti inabadilika hapohapo. "Aah, basi ukishatua Dar utushtue." Ndo imetoka hiyo.

Kuna kampuni moja binafsi ilinipa mpaka siku ya intavyuu, fika ofisini keshokutwa saa tatu asubuhi, nikawaomba tufanye kwa video wakasema utaratibu wao mtu lazima afike mwenyewe, basi nafasi ikaenda kwa mwingine. Sasa mimi nauliza, saa tatu asubuhi ya Dar huku wakati wa baridi ni saa moja asubuhi, wakati wa joto ni saa mbili, ningekuwa nimeshakunywa chai niko mbele ya kompyuta nawasubiri wao. Angekuwa mtu wa Toronto au Minneapolis ningeelewa kidogo, kule muda unapishana kweli. Huku Ulaya hatuna hicho kisingizio na wao pia hawana.

Ndugu zangu wote ushauri wao ni mmoja, rudi kwanza, kazi utaipatia hapahapa. Mjomba ananiambia hivyo kila tukiongea na najua anasema kwa upendo, na kuna ukweli ndani yake, Bongo kazi nyingi zinatembea midomoni kabla hazijatangazwa, mtu akikuona kwenye msiba au harusi ndo anakumbuka kwamba ofisini kwao kuna nafasi. Ila mimi nakataa, na sababu zangu sio za uoga. Kibali changu cha kuishi huku kwa sheria ya Ujerumani kinakufa nikikaa nje zaidi ya miezi 6, wenye Blue Card, kile kibali cha wataalamu, wao wana miezi 12, labda uombe mapema wakuongezee muda kabla hujaondoka. Nikiacha kazi mwenyewe bila sababu ya msingi ile pesa ya wasio na ajira inazuiwa wiki 12, na hata hivyo huwezi kulipwa hela hiyo huku umekaa Mbagala. Mkataba wangu, kama mikataba mingi ya huku, unataka notisi ya miezi 3. Halafu nikifika Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima mkononi kabla hajanipa funguo. Kwahiyo mtu anayeniambia rudi kwanza ananiambia nifunge mlango wa nyuma wakati wa mbele haujafunguliwa, na nina watoto wanaokula kila siku.

Waajiri nao wana hofu zao na sio za kutunga. Wapo watu wa ughaibuni waliochukua barua ya ofa ya Dar wakaenda kumtishia nayo bosi wao wa Ulaya wakaongezwa mshahara, Dar hawakuonekana. Wapo waliokuja wakakaa miezi michache, foleni na kukatika kwa umeme vikawashinda wakarudi walikotoka. Mwajiri aliyeumwa hivyo mara moja lazima awe mwangalifu. Lakini dawa ya hilo ni mkataba, sio kumtaka mtu awepo mjini kabla hata hujamsikiliza. Andika tarehe ya kuanza, andika muda wa majaribio, asipotokea umpe aliyeshika namba mbili. Na sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajamaliza miezi 6, sasa hapo nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kampuni inayoweza kuniaga mwezi wa nne, au mimi niliyeacha kazi, nyumba na kibali?

Kingine nachoambiwa ni kwamba uzoefu wa Ulaya hautufai. Hili linaniuma kwa sababu anayelisema mara nyingi hajauliza nimefanya nini. Ni kweli reli za Ujerumani zinatumia kilovolti 15 kwa hezi 16.7, mfumo wao wa toka mwanzoni mwa karne ya 20 ambao una gridi yake yenyewe pembeni ya umeme wa kawaida, na SGR yetu ni kilovolti 25 kwa hezi 50, yaani masafa yaleyale ya TANESCO, kwahiyo transfoma na vituo vya kupozea umeme ni tofauti na lazima mtu ajifunze. Sawa. Lakini kukaza waya mpaka ukae sawasawa kwenye joto na baridi, kuzima laini, kuihakiki kwamba imekufa kweli na kuitia athi, yaani kuiunganisha na ardhi, kabla mtu hajapanda, kusoma alama za kulika kwenye waya, hayo ni yaleyale, na hayo ndo yanaua watu yakifanywa vibaya. Niulizeni hayo. Nikishindwa kujibu mninyime kazi kwa haki.

Serikalini ndo kuna ukuta zaidi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira nayajua karibu kwa moyo sasa: uwe raia, umri usizidi miaka 45, vyeti vithibitishwe na mwanasheria, na kama umesoma nje vihakikiwe na TCU kwa vyuo vikuu, au NACTVET kwa vyuo vya ufundi, au NECTA kwa shule. Haya yote sina ugomvi nayo na yote nimeyashughulikia nikiwa hukuhuku, na nawashauri wengine waanze na TCU mapema hata kabla hawajaona tangazo, na kwa sisi wahandisi usajili wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, vilevile, maana ukisubiri tangazo litoke umeshachelewa. Ugomvi wangu ni usaili. Kuna mchujo wa kuandika, pengine na wa vitendo, halafu mahojiano, kwa siku tofauti, kila msailiwa anajigharamia nauli, malazi na chakula, na aje na vyeti halisi. Kwa mtu wa Tabora tu huo ni mzigo, vijana wanakopa nauli kwa ajili ya hiyo siku moja. Kwa mtu wa Ujerumani ni tiketi ya ndege kwa mtihani ambao watu mamia wanagombea nafasi chache. Siku hizi wamekubali watu wafanyie usaili mikoani kwao, jambo zuri sana na nawapongeza kwa dhati, sasa kama mtihani uleule unaweza kufanyika Kigoma na Mtwara, kwanini usifanyike kwenye ubalozi wetu Berlin, au London, au Muscat? Chumba kipo, maafisa wa serikali wa kusimamia wapo, vitambulisho na vyeti halisi watavikagua wao. Hotuba za kuwaita diaspora waje kujenga nchi tumezisikia za kutosha. Chumba na msimamizi ndo bado.

Tuje kwenye hela maana hapa watu wa huku tunapotea. Ukiwa mbali unatajiwa mshahara na huna mtu wa kukuambia mkononi itabaki ngapi. Chukua ofa ya milioni 3 kwa mwezi kabla ya makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 inaondoka laki 3. Kodi, yaani PAYE, kwa viwango vya sasa inakula 638,000. Unabaki na 2,062,000. Kama bado una deni la Bodi ya Mikopo toa tena asilimia 15 ya mshahara, hiyo ni 450,000, unabaki na 1,612,000. Bado kodi ya nyumba, bado ada. Sisemi ni ndogo, Watanzania wengi hawajawahi kuishika hiyo, na mimi niko tayari kushuka, nimeshapiga hesabu na mke wangu tumekubaliana. Ninachotaka ni namba hiyo itajwe mapema, kabla sijaandika notisi huku. Kuna watu wa HR wanaona kuuliza mshahara ni kiburi cha mtu wa majuu. Sio kiburi hata kidogo, mtu anayehamisha familia bara zima lazima ajue.

Na wale ndugu zangu mnaofikiria kuchukua pasi ya Ujerumani, toka Juni 2024 wao wanaruhusu uraia zaidi ya mmoja, lakini Tanzania hairuhusu, Hadhi Maalum, ile ya watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, sio uraia, na matangazo ya serikali yanataka raia. Ukishabadilisha, hata kwa kampuni binafsi unahesabika sio raia. Mimi ndo maana pasi yangu ya Tanzania sijaigusa.

Kwa upande wangu kwenye CV sasa hivi nimeondoa anwani ya juu nikaweka mstari mmoja: naweza kuanza kazi Dar es Salaam au Dodoma miezi minne baada ya kusaini, mitatu ya notisi na mmoja wa kuhama. Kwahiyo wewe HR, ukiona namba inaanza na +49 usiiweke pembeni. Nipe dakika arobaini za video, mlete na fundi wenu anayejua kazi aniulize maswali magumu, mkiridhika andikeni tarehe kwenye mkataba. Nauli ya kuja nitajilipia mwenyewe.