Goti likisagika, usikimbilie kisu

Watu wengi wakishaambiwa gegedu ya goti (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa) imesagika wanasubiri kutajiwa tarehe ya operesheni, sasa daktari akisema nenda kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, ukafanye mazoezi na upunguze uzito, wanaona wamefukuzwa tu, wengine wanahama hata hospitali. Nawaelewa, maana gegedu haina mishipa ya damu, ikishalika hairudi yenyewe, mtu anajiuliza kuchuchumaa na kuinuka kutamsaidia nini.

Na operesheni zina mahali pake kabisa. Kijana aliyeumia gegedu ikatoka sehemu moja tu, huyo anaweza kutobolewa vitundu kwenye mfupa ili damu ijenge tishu mpya (japo si imara kama ya asili), au seli zake zikakuzwa maabara na kurudishwa, kitu ambacho wataalamu wa Sweden walichapisha matokeo yake tangu 1994. Goti lililokwama likawa halinyooki, nalo operesheni yake isicheleweshwe.

Ila wewe wa makamo ambaye goti lote limechakaa, kuingiziwa kamera na kusafishwa? Mwaka 2002 huko Marekani waligawa wagonjwa 180, wengine wakasafishwa kweli, wengine wakachanwa ngozi wakashonwa basi, bila kujua. Miaka miwili baadaye hakuna waliowazidi wenzao kwa nafuu! Sindano za steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu) nazo zinatuliza kwa wiki kadhaa, lakini kwenye utafiti wa 2017 waliochomwa kila wiki 12 kwa miaka miwili gegedu yao ilipungua zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yalikuwa yaleyale.

Halafu kuna uzito. Kwa wenye magoti ya hivi waliopimwa, kila kilo 1 waliyopunguza iliondoa kama kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua. Kila hatua jamani! Punguza kilo 5, hatua moja umetua kilo 20, hatua elfu moja ni tani 20, na hatua elfu moja unazimaliza humo humo ndani ya nyumba. Hakuna sindano inayofanya hivyo.

Goti bandia ndio, linasaidia sana likifika pabaya. Utafiti wa Denmark wa 2015 ulionyesha waliowekewa walipata nafuu kubwa zaidi, sikatai, lakini kwa walioanza na mazoezi, lishe na dawa peke yake, ni kama robo tu waliofanyiwa operesheni ndani ya mwaka.

Kinachowashinda wengi ni zile wiki za mwanzo, goti linauma wanaacha. Maumivu ya kuvumilika yanayotulia kufikia kesho yake hayamaanishi unaliharibu, likivimba ndio upunguze, rudi kwa fizio akubadilishie mazoezi, na ujipe kama wiki 12 kabla hujaongelea kisu.