Neno la herufi 45 lilivyonipeleka ukweni na kichwa nusu

Kuna kinyozi mtaani kwetu huku Mbagala tunamwita Dikshenari na jina kalipata kihalali kabisa. Kunyoa anajua, sikatai, shida yake ni Kiingereza, na wala sio kukiongea maana kukiongea chenyewe kinamsumbua, yeye ugonjwa wake ni yale maneno yenye herufi za ajabu ajabu, anayachimba usiku kwenye simu halafu asubuhi anawatega wateja nayo. Ukijibu unanyolewa bure. Sijawahi kuona mtu kanyolewa bure.

Sasa Jumamosi hiyo binamu yangu anapeleka posa, na mi nimo kwenye msafara, nimepewa kubeba bahasha ya barua, kwa hiyo lazima kichwa kiwe na adabu. Nafika saluni mchana nakuta dogo wa bodaboda na mzee mmoja mstaafu, zamani alikuwa karani enzi za taipureta. Nikakaa, nikavishwa kile kitambaa shingoni, mashine ikaanza upande wa kulia.

Dikshenari akasema, "Haya, leo nataka neno lina a, e, i, o, u zote, na zikae hivyo hivyo kwa foleni, hakuna kuchomekea."

Dogo akarukia, "Education!"

"Zimo zote tano ila u kamruka a, toka."

Mzee hata gazeti hajashusha. "Abstemious. Mtu anayejizuia kwenye kula na kunywa, sio kama nyie."

Kimya. Dikshenari akahesabu kwa vidole, ikawa kweli, mzee kashinda, ila mzee mwenyewe ana kipara kinang'aa hadi shingoni, hiyo ofa ataifanyia nini? Dogo akacheka mpaka akamwaga soda.

Hapo mwenzangu akapaniki. Mashine ikazimwa. Akasema na yeye analo, facetious, foleni ile ile, maana yake mtu wa kuleta utani pasipo pa utani. Mzee akamwambia "kama wewe", halafu akaongeza kwamba neno typewriter unalipiga lote kwa mstari wa juu tu wa taipureta bila kushuka chini, dogo akatoa simu akajaribu, kweli bana. Wakaja kwenye strengths, herufi tisa na irabu moja tu, kisha rhythms ambayo haina a wala e wala i wala o wala u, yaani hiyo ukimpa mtu wa kwetu aitamke lazima aitilie irabu zake mwenyewe.

Mi nauliza, "Kaka, kichwa?" Naambiwa subiri.

Mzee akashusha floccinaucinihilipilification. Hiyo ina herufi 29, i ziko tisa na e hakuna hata ya dawa, na maana yake ni kukichukulia kitu kuwa hakina thamani yoyote. "Ndo ninavyouchukulia unyoaji wako," akasema, akarudi kwenye gazeti.

Aisee kwa hilo Dikshenari alichafukwa. Akachukua povu la kunyolea ndevu akaanza kuandika kwenye kioo, kioo hicho hicho ninachojiangalia mimi, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, na kila kipande akikimaliza ananigeukia ananyoa kidogo, anarudi kioo, ananyoa kidogo, huku anatoa mhadhara kwamba herufi ziko 45, ni ugonjwa wa mapafu wa kuvuta vumbi jembamba la silika, na kwamba sio madaktari waliolitunga, lilitungwa mwaka 1935 Marekani na rais wa chama cha wapenda mafumbo ili tu liwe refu kuliko mengine yote. Neno likaenda mistari mitatu, povu limenifunika uso wote kwenye kioo, kichwa changu kimefikia wapi sijui.

Kwenye volcano umeme ukakata.

Hiyo coniosis akaimalizia gizani, kichwa changu kikabaki. Dogo akafuta povu kwa mkono ndo nikajiona, kulia niko smati kabisa, kushoto msitu. Mashine ya chaji kaazima jirani kaenda nayo Kigamboni. Mkasi upo lakini butu. Wembe upo, ila mkono wake bado unatetemeka kwa hasira za mzee, nikakataa. Tukasubiri umeme wee, binamu anapiga simu kama anadai, ikabidi niazime kapelo ya dogo wa bodaboda, inanuka petroli, nikakimbia.

Ukweni nikajibanza nyuma ya mjomba, nikashika bahasha, mambo yakaenda fresh mpaka baba mwenye nyumba aliposema tusimame tuombe. Watu wakasimama. Mama mkubwa akanigeukia kwa sauti ya chini ambayo waliisikia hadi jikoni, "Kofia wewe!"

Nikavua.

Sala yenyewe ilikuwa fupi, nahisi aliikatisha. Kisha nikaulizwa kama kuna msiba au nadhiri, nikasimulia yote, umeme, kioo, mpaka neno lenyewe nikajaribu kulitamka nikaishia kwenye microscopic. Baba mdogo wa binti, mtu alofanya kazi migodini miaka kibao, akanisikiliza hadi mwisho halafu akauliza taratibu, "Si silicosis hiyo? Kwani hilo lilikuwa haliandikiki? Herufi tisa tu, ungenyolewa ukamaliza na chenji ukarudishiwa."

Wakaenda kujadiliana pembeni wakarudi na faini, shilingi elfu hamsini, kuja ukweni na kichwa hakijaisha. Mshenga wetu akasimama, akakohoa, akawaomba waangalie vizuri, kosa lenyewe ni nusu kichwa. Wakaniangalia kulia, wakaniangalia kushoto, tukalipa ishirini na tano.