Tawi la chama au orodha ya bei? Somo la Tawi Nambari 25 kwa mafundi wa Malindi na Lamu

Suala la mafundi cherehani wa Malindi kuungana huchemka zaidi Januari, sare za shule zinapojaa dukani, kisha hupoa wageni wakiadimika. Wako wanaotaka tawi la chama cha wafanyakazi, lenye kadi, ada na haki ya kugoma. Wengine wanaona ushirika unatosha, kwa kuwa fundi wa pwani ni mjasiriamali, si kibarua. Historia ya Tawi Nambari 25 la ILGWU, chama cha washonaji wa nguo za kike wa Marekani, inaweza kutumiwa na pande zote mbili. Ila kila upande utakuta humo jambo usilolipenda.

Tawi hilo lilianzishwa New York mwaka 1906 kwa washonaji wa blauzi. Miaka mitatu baadaye lilikuwa na wanachama wapatao 100 na dola 4 katika sanduku. Tarehe 22 Novemba 1909, katika ukumbi wa Cooper Union, msichana aitwaye Clara Lemlich alisimama akasema kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwamba maneno yametosha, wagome. Wakatoka takriban 20,000, wengi wao wasichana. Mwenye hoja ya chama husimulia mpaka hapo akanyamaza.

Sababu za mgomo zinatufaa zaidi kuliko hotuba. Wasichana wale walilipwa kwa kipande, halafu wakakatwa pesa za sindano, uzi na umeme wa mashine. Ndani ya kiwanda kulikuwa na vibarua-wakubwa waliochukua kazi kwa mwenye mali na kuwalipa wasaidizi wao walivyotaka, hata tajiri hakujua idadi ya watu waliomshonea. Mgomo ulipomalizika Februari 1910, viwanda vingi vilikuwa vimekubali wiki ya saa 52, siku 4 za sikukuu zenye malipo, na kwamba vifaa vitatoka kwa mwajiri. Fundi wa Malindi anayenunua tokeni za stima kwa mashine isiyo yake hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa upande wa pili. Kampuni ya Triangle, kiwanda cha blauzi cha New York, haikukitambua chama. Tarehe 25 Machi 1911 ghorofa zake za 8, 9 na 10 zilishika moto; mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, ngazi ya nje ilianguka, na ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Walikufa watu 146. Mgomo mkubwa kiasi kile haukuwaokoa, kwa sababu chama kina nguvu pale tu kinapotambuliwa. Sheria za usalama zilikuja baadaye, kupitia tume ya uchunguzi ya jimbo. Kwa hiyo anayesema dola 4 na hotuba moja zilitosha, anaruka nusu ya habari.

Kuna na jambo la lugha. Mikutano iliendeshwa sana kwa Kiyidi, na Waitaliano wengi, kwa kutofikiwa, waliendelea kushona wenzao wakiwa barabarani. (Wale si Waitaliano wetu wa Malindi wenye majumba ya ufukweni, walikuwa maskini wa kusini mwa Italia.) Ilibidi mwaka 1919 waundiwe tawi lao, Nambari 89, likaja kuwa kubwa ajabu. Malindi mafundi ni Wagiriama, Wabajuni, Wakikuyu, Wajaluo. Kiswahili kinatuvusha hapo. Mgawanyiko wetu ni mwingine: mwenye mashine yake na asiye nayo.

Hapa ndipo hoja ya tawi inapopata shida kisheria. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kuwa wanachama. Chumba chenye vyerehani 12 kinahitaji sahihi 7. Lakini mwenye chumba akionyesha kwamba 8 kati ya hao ni wapangaji wanaomlipa kodi ya nafasi, wanaobaki ni 4, na waliotia sahihi huenda wengi wao si wafanyakazi tena. Kabla ya kugawa kadi, basi, kusanyeni ushahidi wa ajira: nani anatoa kitambaa, nani anapanga bei kwa mteja, nani anaamua saa za kufungua. Daftari la kazi lenye tarehe na idadi ya vipande lina uzito kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Kuanzisha chama kipya nako si njia ya mkato. Lazima kwanza kibali cha kusajili wanachama, na Msajili wa vyama vya wafanyakazi anaweza kukataa akiona kipo chama kinachowakilisha kazi hiyo tayari. Kenya ina chama cha washonaji na wafanyakazi wa nguo, na ni rahisi zaidi kudai tawi lake kuliko kuanza upya. Mwanachama akishatia sahihi Fomu S, ile ya kuruhusu makato, ada hukatwa kwenye mshahara. Asiye na mshahara wa kila mwezi huleta ada kwa mkono, na ada ya mkono hukauka mwezi wa tatu.

Ushirika una wepesi wake: watu 10 wanatosha kuomba usajili, wapangaji na wenye mashine wanaingia pamoja, na wanaweza kununua uzi kwa katoni na ovaloki moja ya wote. Ila ushirika haugomi. Ukishindwa kuelewana na mwenye zabuni ya sare, unachoweza ni kuikataa kazi, na jirani ataichukua.

Naona Malindi tawi linafaa, lakini lianze na orodha ya bei, si na mgomo. Wachukueni mafundi watatu wa kasi ya wastani, wapimeni kola, mikono, mfuko, pindo na tundu za vifungo, kila kazi peke yake. Tuseme shati zima linachukua dakika 50. Siku ya saa 8 ina dakika 480, na hesabu ya haraka inasema mashati 9. Hesabu hiyo ni uongo: sindano huvunjika, bobini hujazwa, stima hukatika, mteja huja kupimwa. Toeni dakika 80, zinabaki 400, mashati 8. Mshahara halali wa siku ugawanywe kwa 8. Tofauti ya shati moja ndiyo inayomla fundi mwaka mzima bila yeye kujua.

Lamu ni habari nyingine. Mdarizi wa kofia za kiua hufanyia kazi nyumbani au barazani, kofia moja wiki kadhaa, na anayempa kazi huenda asimwone mpaka ikamilike. Mapatano ya washonaji wa makoti wa New York ya Septemba 1910 yalipiga marufuku kazi za kupeleka nyumbani, maana chama hakiwezi kuhesabu kilichoko nyuma ya milango. Ukiipiga marufuku Lamu, umeiua kofia yenyewe. Tena akigoma mdarizi, dukani kuna kofia za mashine kutoka ng'ambo. Kwake ushirika wenye alama yake na bei ya chini inayojulikana Lamu mpaka Siyu una maana zaidi.

Kwa Malindi limebaki shimo moja. Mkataji mara nyingi ni mwenye duka mwenyewe, na mafungu yaliyokatwa hupanda matatu kwenda Watamu au Mtwapa siku hiyohiyo. New York waliliona hilo: matajiri walipeleka kazi Philadelphia, na shimo hilo halikuzibwa mpaka washonaji wa Philadelphia nao walipotoka Desemba 1909. Tawi la Malindi peke yake, lisilo na watu Watamu, Kilifi na Mtwapa, halina cha kumzuia mwenye duka. Na sheria inadai notisi ya maandishi ya siku 7 kabla ya kugoma. Siku 7 zinatosha kabisa kushona sare za shule nzima mahali pengine.