Asilimia ya Udahili Haisemi Nani Anaingia

Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuwakubali waombaji 1,937, chini kidogo ya asilimia 3.6. Takwimu kama hii husomwa kana kwamba inapima ubora wa chuo. Kwa maoni yangu, kinachopimwa zaidi ni wingi wa waliojaribu bahati.

Si kwamba haina maana. Nafasi ni chache kweli, na mzazi anayeiona anapata onyo la mapema: hata mtoto mwenye alama za juu asitegemee chuo kimoja.

Ila tazama hesabu inavyoweza kuchezewa. Tuseme chuo kina nafasi 500 na waombaji 10,000. Kama nusu tu ya wanaokubaliwa huja kusoma, kitalazimika kukubali 1,000, yaani asilimia 10. Sasa kijaze nafasi nyingi kwa uamuzi wa mapema, ambapo mwombaji huahidi kwamba akikubaliwa atakwenda hapo hapo. Wanaokuja wakifika asilimia 80, kitakubali 625 tu, na kiwango kitashuka hadi 6.25. Walimu ni wale wale, maabara ni zile zile. Na anayeweza kutoa ahadi hiyo bila wasiwasi ni yule asiyehitaji kulinganisha misaada ya karo ya vyuo kadhaa.

Ndiyo maana sura ya darasa jipya, yaani ni akina nani walioingia, inaeleza zaidi, ingawa nayo ina utata. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji. Katika darasa lililofuata la MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia, wanafunzi weusi walishuka kutoka takriban asilimia 13 hadi 5, na wenye asili ya Asia wakapanda hadi 47. Waliounga mkono uamuzi huo wanasema kila mtu sasa anapimwa kwa juhudi zake. Wapinzani wanajibu kuwa alama zenyewe hutegemea shule uliyosoma, na shule hutegemea mtaa. Hoja hii ya pili naiona nzito zaidi.

Utafiti wa Opportunity Insights, kikundi cha watafiti wa uchumi, wa mwaka huo huo wa 2023 uligundua kuwa mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri zaidi ana nafasi zaidi ya maradufu ya kusoma katika vyuo teule vya Marekani kama Harvard na MIT kuliko wa tabaka la kati mwenye alama sawa. Upendeleo kwa watoto wa wahitimu wa chuo hicho hicho ni sababu mojawapo. Lakini kuuondoa hakutoshi: chuo cha Amherst kiliufuta mwaka 2021, na bado wanafunzi wapya weusi wa chuo hicho walishuka kutoka asilimia 11 hadi 3 mwaka 2024.

Stanford iliamua mwaka 2018 kuacha kutangaza kiwango cha udahili wakati wa msimu wa majibu, ikibaki kukiripoti baadaye. Hatua nzuri, japo ningependa zaidi kila chuo kichapishe wangapi walipita kwa uamuzi wa mapema, wangapi ni watoto wa wahitimu, na wangapi wanalipa karo yote bila msaada.