Msomaji Hadai Kila Ukurasa: Kinachomuudhi Ni Filamu Kurefushwa

Kila inapotoka filamu iliyotokana na kitabu kinachopendwa, wasomaji wakaanza kunung'unika, jibu huwa liko tayari: watu wa vitabu hawaridhiki, wanataka kila ukurasa uonekane kwenye skrini, hawaelewi kwamba filamu ni sanaa nyingine. Jibu hili limerudiwa mno hata wasomaji wenyewe siku hizi huomba radhi kwanza ndipo watoe maoni yao. Mimi naona wanaonewa. Ukichunguza ni filamu zipi hasa zimewavunja moyo na zipi wamezisamehe, utakuta lawama yao kubwa iko mahali pengine kabisa.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni Peter Jackson na vitabu vya J.R.R. Tolkien, kwa sababu karibu kila kitu kilibaki vilevile: mwongozaji yuleyule, mwandishi yuleyule, ulimwengu uleule wa kubuni, mandhari ileile ya New Zealand. Kati ya 2001 na 2003 Jackson alitoa filamu tatu za The Lord of the Rings, kisa cha Frodo anayebeba pete ya uovu kwenda kuiangamiza. Kati ya 2012 na 2014 akatoa tatu za The Hobbit. Zile za mwanzo zilichukua Oscar 17, na 11 kati ya hizo ni za filamu ya tatu peke yake. Hizi za baadaye ziliteuliwa mara 7 na hazikuambulia hata moja. Hukumu ya wasomaji haikuwa mbali na hiyo.

Sasa, kama ni kweli msomaji hasamehi mabadiliko, The Lord of the Rings ndiyo ilipaswa kumkasirisha. Tom Bombadil, mzee wa ajabu wa msituni aliyepewa sura nzima kitabuni, hayumo. Kazi ya mpiganaji Glorfindel ya kumnusuru Frodo hadi mtoni amepewa mhusika mwingine, Arwen. Faramir, kapteni wa jeshi ambaye kitabuni anaukataa mtego wa pete kwa utulivu, kwenye filamu anamkokota Frodo hadi mji wa Osgiliath kabla ya kubadili nia. Na ule mwisho mchungu, mashujaa wanaporudi kwao na kukuta kijiji kimeharibiwa na kulazimika kukipigania, umeondolewa wote, ingawa Tolkien mwenyewe aliandika kwamba ni sehemu ya lazima ya kisa chake. Wapo waliolalamika, na suala la Faramir linabishaniwa hadi leo. Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi na mtu aliyehariri maandishi yake kwa miongo kadhaa, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba kitabu cha baba yake kilikuwa kimegeuzwa filamu ya mapigano ya vijana. Siwezi kumpuuza mtu huyo. Lakini umma mkubwa wa wasomaji ulizipokea filamu zile kama zake, ukanunua hata matoleo marefu zaidi ili ukae humo kwa muda zaidi.

Halafu ikaja The Hobbit. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1937, hadithi ya watoto: Bilbo Baggins, mtu mdogo anayependa chai na starehe ya nyumbani kwake, anachukuliwa na mchawi Gandalf pamoja na mbilikimo 13 kwenda kukomboa hazina iliyokaliwa na joka. Kina maneno kama 95,000. Anayesoma kimyakimya kwa mwendo wa kawaida, tuseme maneno 250 kwa dakika, atakimaliza kwa saa 6 na dakika 20 hivi. Filamu zake tatu, kwa urefu ulioonyeshwa kwenye majumba ya sinema, zina jumla ya dakika 474. Hizo ni saa 7 na dakika 54. Kukitazama kitabu hiki kunachukua muda mrefu kuliko kukisoma.

Naomba msomaji aikalie hesabu hiyo kidogo, maana inapingana na kila tunachokijua kuhusu sinema. Kazi ya sinema ni kubana. Kurasa mbili zinazoeleza bonde na ukungu wake huwa picha ya sekunde tano. Mawazo yanayomhangaisha mhusika aya kwa aya huwa jicho linalokwepa. Ndivyo The Lord of the Rings, yenye zaidi ya maneno 450,000, ilivyoingia kwenye dakika 558: kwa kila maneno elfu moja ya Tolkien, Jackson alitumia dakika moja na ushei. Kwenye The Hobbit alitumia dakika tano. Kitabu kidogo zaidi, chepesi zaidi, kikapewa mara nne ya nafasi, na nafasi isiyo na cha kuijaza lazima ijazwe.

Ikajazwa na nini? Azog, adui mkuu wa filamu zote tatu, kitabuni ameshakufa miaka mingi kabla hadithi haijaanza. Legolas, mpiga upinde wa The Lord of the Rings, hatajwi humo hata mara moja. Tauriel, mpiganaji wa kike, hakuandikwa na Tolkien popote, na penzi lake na Kili, mmoja wa wale mbilikimo, liliandikwa na watunzi wa filamu. Yote haya msomaji angeweza kuyavumilia. Kilichomuuma zaidi ni vita vya mwisho. Kwenye kitabu vinachukua kurasa chache. Bilbo, ambaye tumeuona ulimwengu wote kwa macho yake, anapigwa jiwe kichwani na kuzimia kabla vita havijaisha. Anapozinduka kumetulia, yuko peke yake, na anapelekwa kwenye hema alikolazwa Thorin, kiongozi wa mbilikimo, akiwa na majeraha ya kufa. Thorin anayafuta maneno makali aliyomtamkia Bilbo, wanaagana, basi. Nguvu ya tukio lile inatokana na kutokuona: wakubwa wamepigana, mdogo amekosa kuona ushindi wenyewe, na alichobakiwa nacho ni kuaga. Filamu ya tatu inavipa vita hivyo kama dakika 45, na kumpeleka Thorin juu ya barafu kupambana na Azog ana kwa ana. Bilbo yupo, ila hadithi imeshatoka mikononi mwake. Anayelalamikia hilo hadai ukurasa uliosahaulika. Anasema mhusika wake mkuu amefunikwa.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito.

Nzito kuliko zote inatoka kwa Tolkien mwenyewe. Toleo la The Hobbit la mwaka 1951 lina sura ya Gollum, kiumbe wa pangoni aliyekuwa na ile pete, iliyoandikwa upya ili ilingane na kitabu kikubwa kilichokuwa kinakuja, The Lord of the Rings. Mwaka 1960 alianza hata kukiandika kitabu kizima upya kwa sauti ya kikubwa zaidi, kisha akaacha njiani. Kwa hiyo Jackson alipochota kwenye viambatisho vya The Lord of the Rings kueleza Gandalf alipotelea wapi anapowaacha wenzake, alikuwa anafuata nia ambayo mwandishi mwenyewe aliwahi kuwa nayo. Hilo ni kweli. Ila kuacha kwa Tolkien nako kuna uzito wake: alijaribu, akaona kitabu kinakataa.

Hoja ya pili ni mazingira ya kazi. Guillermo del Toro ndiye aliyekuwa aongoze filamu hizi, akajitoa mwaka 2010, na Jackson akabeba mzigo bila muda wa maandalizi aliokuwa nao mara ya kwanza. Jambo hilo amelieleza mwenyewe kwenye video za nyuma ya pazia. Namwonea huruma, na sidhani kama msomaji anayemtukana mtandaoni anajua mtu yule alikuwa amechoka kiasi gani. Hata hivyo uamuzi wa kutoka filamu mbili hadi tatu ulitangazwa Julai 2012, upigaji picha mkuu ukiwa umekwisha na miezi michache tu ikiwa imebaki kabla ya filamu ya kwanza kutoka. Ukiamua wakati kama huo, hadithi ndiyo inayolipa gharama.

Ya tatu ni fedha. Seti zote mbili ziliingiza karibu dola bilioni 2.9 kila moja, na watetezi huuliza: kama watu walichukia, mbona walilipa? Swali ni la haki, lakini tazama mwelekeo wa mapato. Filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings iliingiza chini ya dola milioni 900, ya pili ikazivuka, ya tatu ikapita bilioni 1.1. Waliotazama waliwaita wenzao. Kwa The Hobbit, ya kwanza ndiyo iliyopita bilioni moja, na mbili zilizofuata hazikuifikia tena, ingawa moja ya hizo ndiyo iliyobeba tamati. Watu walikuja kwa imani waliyoijenga miaka kumi nyuma, na baadhi hawakurudi.

Ushahidi unaonigusa kuliko huo wote ni wa mwanzoni mwa 2015, wiki chache baada ya filamu ya tatu. Mashabiki walianza kusambaza mtandaoni matoleo waliyoyahariri wenyewe. Moja lililosambaa sana lilizigeuza filamu zote tatu kuwa moja yenye urefu wa saa nne na dakika chache: penzi la Tauriel nje, safari za Gandalf kwenye ngome ya Dol Guldur nje, sehemu kubwa ya mapigano nje. Wasomaji wanaosemwa kwamba hawavumilii kukatwa walipopata mkasi mikononi mwao, walikata karibu nusu. Mchuzi ulikuwa umeongezwa maji, wao wakaurudisha jikoni.

Kugawa kitabu peke yake si kosa. Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, ilibanwa na David Lynch mwaka 1984 kwenye dakika 137, na hata waliompenda Lynch hawakuielewa vizuri. Denis Villeneuve akaigawa mara mbili, 2021 na 2024, na wasomaji wengi wakafurahi. Kitabu cha mwisho cha Harry Potter nacho kiligawanywa bila madhara makubwa, maana kilikuwa kikubwa na chenye matukio ya kutosha. Baada ya hapo ndipo kugawa kukawa mtindo. Mockingjay, kitabu cha mwisho cha The Hunger Games, kikakatwa vipande viwili, 2014 na 2015, na mwaka 2023 mwongozaji Francis Lawrence akakiri kwamba anaujutia uamuzi ule. Kitabu cha mwisho cha Divergent kikafanyiwa hivyohivyo: nusu ya kwanza ikatoka 2016, mapato yakaporomoka, nusu ya pili haikutengenezwa kabisa. Kuna watoto waliofuata hadithi ile filamu tatu mfululizo na wakaachwa njiani bila mwisho.

Na kukata kuna makosa yake pia, nisije nikaonekana nafuta lawama zote za upande huo. Filamu ya tatu ya Harry Potter, ya mwaka 2004, wengi wanaihesabu kuwa nzuri kuliko zote kwa macho, nami nakubaliana nao. Lakini haielezi kamwe kwamba ramani ya ajabu anayoitumia Harry ilichorwa na baba yake na marafiki zake watatu. Hizo zilikuwa sentensi mbili tu za mazungumzo. Bila hizo, mtazamaji ambaye hakusoma hajui mwalimu Lupin, mmoja wa marafiki hao, anaijuaje ramani ile, na Harry ananyimwa kitu alichoachiwa na baba yake. Kukata nyama iliyozidi ni jambo moja, kukata mshipa ni jingine, na wasomaji wanaolitaja kosa hili wako sahihi kabisa.

Kwetu mfano ni mchache, lakini upo. Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya 2001. Riwaya ile imejaa watu: Yasmin na Denge, Bwana Raza, Mwajuma, Bukheti wa Mombasa, Inspekta Wright na Koplo Matata. Filamu ya saa moja na nusu hivi haiwezi kuwapa wote nafasi waliyopewa na Shafi, na Shivji akawaweka mbele Denge na Yasmin na Zanzibar ya miaka ya 1950 inayowazunguka. Aliyesoma atawatamani wengine. Mimi niliwatamani. Lakini filamu ina uti wa mgongo, na sikuona dakika iliyowekwa ili kuuza tiketi ya pili.

Mwezi Mei 2024 ilitangazwa filamu nyingine ya ulimwengu wa Tolkien, The Hunt for Gollum, Andy Serkis akiwa mwongozaji. Kisa hicho kitabuni ni masimulizi mafupi ya Gandalf na maelezo machache kwenye viambatisho. Kwa kipimo nilichotumia hapa kinaanza na hatari ileile, pengine kubwa zaidi. Lakini Serkis ndiye aliyemwigiza Gollum na anamjua mhusika huyo kuliko mwongozaji yeyote. Ikiwa ni filamu moja inayosimama na kuisha, nitaitazama kwa moyo mweupe. Nikisikia imekuwa mbili, nitasubiri kwanza waliotangulia waseme.