Mkwe, Tupunguzie Kidogo

Kwa kuwa jirani yangu amekwisha kusambaza habari kwamba pangaboi la sebuleni kwangu lilimwangukia baba mkwe kichwani, nalazimika kueleza mwenyewe kilichotokea Jumapili, ingawa kusema kweli hakunipunguzii aibu hata chembe. Pangaboi halikuanguka. Liko palepale darini. Kilichoanguka ni kile kilichokuwa juu yake.

Mnaonifuata siku zote mnalifahamu: ni la zamani, lenye mapanga matatu ya bati, tulilikuta hapa Nyegezi, Mwanza, siku tulipohamia. Mwendo wake unaongozwa na regyuleta ya ukutani, kile kisanduku kizito chenye namba 1 hadi 5, na kwa muda wa miaka miwili lilikubali namba 2 peke yake. Ukiweka namba nyingine yoyote, linanyamaza kama mtoto aliyeulizwa ni nani aliyemaliza sukari. (Tafadhali msiniandikie habari za kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Kapasita niliibadilisha mwezi uliopita, ya mikrofaradi 2.5, na ugonjwa haukuwa huko.)

Ugonjwa ulikuwa ndani ya kisanduku. Humo mna waya mwembamba uliosokotwa, unaoubana umeme kabla haujafika kwenye mota: ukiweka namba 1 umeme unapita katika waya wote na mapanga yanakwenda kwa uvivu, ukiweka namba 5 unapita moja kwa moja bila kuzuiwa. Kutoka kwenye waya huo zinatoka nyaya tano, kila moja inakwenda kwenye kidole chake cha shaba, na vidole vinne kati ya hivyo vilikuwa vimefunikwa na masizi. Dawa yake ni msasa na uvumilivu. Nilizima meni swichi, nikahakikisha kwa testa, nikafungua kisanduku kwa bisibisi, na hadi hapo hata fundi mwenye leseni asingenipata na kosa.

Kabla ya kuzichomoa nyaya tano, ambazo kwa uzee na joto zote zimekuwa na rangi moja ya chai ya rangi, nilizipiga picha ili nikumbuke mpangilio wake. Mke wangu aliposikia alinisifu, na nakiri kwamba sifa ile niliipokea kwa kifua mbele. Jambo ambalo hakulijua, na mimi sikulitilia maanani, ni kwamba kamera ya nyuma ya simu yangu ilipasuka tangu nilipoiangusha kwenye mawe ya Capripoint, hivyo nilitumia kamera ya mbele, ile ya kujipigia mwenyewe. Na simu yangu, kama baadhi ya simu zilivyo, huihifadhi picha ya kamera ya mbele ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Wa kulia anakuwa wa kushoto. Mwenye akili ameshaelewa; mimi nilielewa Jumapili saa nane mchana mbele ya wakwe.

Nilirudisha nyaya kwa kufuata picha, kwa uaminifu mkubwa, nikawasha, nikaweka namba 3. Pangaboi likazunguka vizuri mno. Chembe mbili tatu za vumbi zilidondoka, nikazipuuza. Nawaomba mtazame ukatili wa jambo hili: ukizipanga namba tano kinyumenyume, namba 3 inabaki mahali pake. Nilikuwa najiandaa kujaribu nyingine umeme ulipokatika, nami nikaona hakuna haja ya kusubiri, maana kilichopona katikati bila shaka kimepona pande zote.

Muda uliobaki niliutumia kufuta mapanga. Niliyafuta upande wa chini, kwa sabuni, yakang'aa. Upande wa juu sikuugusa, kwa hoja kwamba mgeni hukaa kwenye kochi, na aliyekaa kwenye kochi haoni upande wa juu wa pangaboi. Anayeishi karibu na ziwa anajua ni nini kinachokusanyika huko: si vumbi peke yake, bali pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja usiku kama moshi, wakaifuata taa, wakafa kwa maelfu. Kwangu walikuwa wamelala hapo misimu kadhaa kwa amani.

Ningeweza kubadili mawazo kama ningepata saa moja zaidi. Zamani mgeni wa kutoka Sengerema alikuwa akisubiri kivuko pale Busisi, nawe mwenyeji unadeki nyumba mara ya pili. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache tu. Wakwe walibisha hodi nikiwa bado nimevaa kaptula.

Umeme ulirudi wakati chakula kinatengwa: sato wawili wakubwa wa mchuzi, ugali na mlenda. Baba mkwe alikaa chini ya pangaboi kwa heshima yake, na kofia yake nyeupe ya mkono, ile iliyofumwa kwa hariri. Niliwasha namba 3, wakasifu upepo, nami nikaeleza, bila kuulizwa, kwamba nimelitengeneza mwenyewe. Ndipo shangazi yake mke wangu alipojifunga khanga kifuani akasema kwa upole, "Mkwe, tupunguzie kidogo, kifua changu hakipendi upepo."

"Hewala, shangazi." Nikaweka namba 2.

Pangaboi likaongeza mwendo. Nikajiambia kwamba ni uzee wake, linachelewa kutii. Kitambaa cha meza kikainua pembe. Shangazi akanitazama, akakohoa, akasema tena, safari hii pole pole kana kwamba anamsemesha mgeni wa lugha, "Mkwe. Kupunguza." Baba mkwe aliweka kiganja juu ya bakuli lake, jambo ambalo baadaye nilitambua kuwa lilikuwa uamuzi wa busara kuliko wote uliofanyika nyumbani mwangu siku hiyo. Nami, kwa kutaka kumaliza malalamiko mara moja, nikapeleka namba 1 kwa nguvu.

Kwanza ulisikika mlio, kama lori linalopanda mlima wa Bugando likiwa na mzigo. Kisha kitu cha kijivu, kipana kama chapati, kikachomoka kwenye panga la kwanza, kikapita juu ya kichwa cha shangazi na kujibandika kwenye picha yetu ya harusi. Cha pili kilipasukia hewani, na wadudu wa miaka yote ile wakashuka kwa utulivu, kama wanaorudi nyumbani, juu ya ugali, juu ya sato, ndani ya mlenda ambamo hakuna kinachotoka kikishaingia, na juu ya kofia nyeupe, ambayo kwa macho yangu niliiona ikibadilika rangi kuanzia katikati kwenda kwenye ukingo. Nilikamata kitufe nizime. Kitufe kilitoka, kikabaki mkononi mwangu. Nikakishika kijiti cha chuma kwa vidole vyenye mafuta ya samaki, kikateleza. Nikakumbuka meni swichi, ambayo iko barazani, na njia ya barazani inapita kati ya magoti ya baba mkwe na meza.

Nilipita. Nilizima. Mnafikiri lilisimama? Pangaboi lililokwisha kupata kasi halihitaji umeme kwa dakika nzima, na katika dakika hiyo lilimalizia panga la tatu.

Mengine yalikwenda haraka: mke wangu aliagiza chipsi mayai, tulikula barazani, hakuna aliyetaja regyuleta, na jirani aliyekuja kuazima chumvi aliona alichoona. Nyaya bado sijazigeuza. Kofia ya baba mkwe tumeifua mara mbili na iko kambani. Ataifuata Jumamosi, na amepiga simu kuuliza, kwa adabu zote, kama siku hiyo tutakaa tena barazani.