Boti yenye abiria -3

Jamani, boti ya Mokowe hubebaje abiria -3? Nimerithi hifadhidata ya tiketi hapa Lamu, haina kizuizi hata kimoja, yaani kanuni ya kukataa data mbovu. Nambari moja ya tiketi imejirudia mara nne, na kuna malipo ya boti ambayo haimo kwenye jedwali la maboti, maana ufunguo wa nje, ule unaolazimisha kila boti iwe kwenye jedwali hilo, hakuna. Boti ya mashetani labda.

Nikaweka CHECK, kizuizi cha kukagua thamani: abiria wazidi sifuri. Ikapokewa kimya. Asubuhi yake, -3 tena! Kumbe MySQL, programu inayoendesha hifadhidata hii, kabla ya toleo 8.0.16 la mwaka 2019, ilikuwa ikiisoma CHECK kisha inaipuuza. Si bora ingenigombeza? Sasa nasafisha mistari kwa mkono, na kahawa yangu ishapoa.